Kumsindikiza Mwenyeji

Mji ule ulikuwa na asubuhi ndefu. Waliowahi kuutembelea husimulia maporomoko yake yanayomwagika moja kwa moja baharini, pango lake linalopumua, na fungu lake la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakitoka, lakini hakuna anayesimulia asubuhi, labda kwa sababu mtu aliye matembezini haulizi saa. Somoe aliliona jambo hilo mara tu aliposhuka kwenye basi. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la soko la samaki, si la mapema wala la kuchelewa. Alinunua maji akayanywa yote, akajitanda upya mtandio wake, akatazama tena. Jua lilikuwa palepale, limetulia kama mgeni aliyeambiwa angoje barazani.

Hakuja kutembea. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kupunga upepo, na kwa kuwa fundi wa mapazia aliyeinamia cherehani miaka nenda miaka rudi ana haki ya kuiona bahari walau mara moja, hakuna aliyemdadisi. Ukweli ni kwamba alikuja kumtafuta mumewe. Watu wa mtaani kwake wangesikia hivyo wangecheka, maana mume wa Somoe yupo, jana tu wamemwona akinunua vitunguu. Na ni kweli yupo. Shaweji aliutembelea mji huu zamani, binti yao Zaituni akiwa anaota meno ya kwanza, akakaa siku chache, akarudi. Sasa Zaituni anaazima viatu vya mama yake. Aliyerudi alikuwa na uso wa Shaweji, sauti ya Shaweji, na kovu la Shaweji chini ya kidevu. Alikuwa mpole, hakukosa kazini, hakuinua mkono wala sauti, na mtoto alimpenda. Ila jambo moja tu: hakusindikiza wageni.

Msomaji asilione dogo. Kwetu sisi mgeni haagwi mlangoni. Unavaa ndala unatoka naye, mnafika kwenye kona mkiwa bado katikati ya mazungumzo, naye anaona haya kukuacha urudi peke yako, anageuka kukurudisha kidogo. Nawe ukikaribia kwako unaona haya vilevile. Wapo watu mtaani kwa Somoe waliokwisha kumaliza jioni nzima hivyo, wakienda na kurudi kati ya nyumba mbili zinazotazamana, hadi wake zao wakachoka kupasha chakula moto. Heshima ya namna hii haina mwisho ndani yake. Lazima mmoja akubali kupungukiwa adabu ndipo wote wawili walale.

Lakini yule mwanamume mwenye uso wa Shaweji aliagana na watu kwenye mkeka, akafunga mlango upesi. Siku mama mkwe alipomaliza matembezi yake na kuinuka, mwanamume huyo alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili akabaki pale, jasho likimtoka, na bibi wa watu akaenda kituoni peke yake na kifurushi chake kichwani. Hajakanyaga tena. Usiku ule Somoe alimkalia kooni mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Nilikotoka mimi, ukimsindikiza mtu huna hakika ni nani atarudi." Kisha akacheka, akasema anatania. Somoe hakucheka. Nilikotoka mimi, amesema, na Shaweji alizaliwa nyumba ya pili kutoka pale walipolala.

Tangu hapo swali lilimkaa rohoni, nalo si swali la Somoe peke yake. Mtu akienda safari akarudi, ni nani wa kuthibitisha kwamba aliyerudi ndiye aliyekwenda? Uso? Uso ni wa kutazamwa na wengine, mwenyewe hauoni. Jina? Jina huitikiwa na yeyote aliyezoea kuitwa nalo. Kumbukumbu? Hizo ndizo rahisi kuliko zote kuazimwa. Mtu huketi na ndugu zake jioni mbili tatu, wakamkumbusha utoto wake wote naye akaitikia kwa kichwa. Pengine kila nyumba ina mtu mmoja aliyerudi badala ya mwingine, na kinachoilinda nyumba ni kwamba hakuna anayekwenda kuulizia kule alikotoka. Somoe alikata shauri kwenda kuulizia. Mume yule alimfungia begi, akampa chakula cha njiani, akamtazama kwa macho ya mtu anayetaka kusema neno. Hakulisema.

"Karibu, bibie," ilisema sauti nyuma yake pale kituoni. "Mimi ni Mbaruku, mwenyeji wako."

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mwanya, kofia ya ukindu mkononi. Somoe hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Sikuomba mwenyeji."

"Hakuna anayeomba. Kila mgeni ana wake."

"Mimi natafuta mtu, kaka. Anaitwa Shaweji. Alikuja hapa zamani."

Mbaruku aliivaa kofia, akaivuta mpaka ikafunika nyusi. "Mji huu hauulizwi kabla haujatazamwa," alisema. "Tutazame kwanza."

Wakaanza na maporomoko. Njia ilipita kwenye miti mirefu iliyojaa mbega, nao mbega walikaa kimya wakiwa wamewapa mgongo. Mto ulifika ukingoni mwa jabali ukajitupa baharini kwa upana wake wote, mweupe, mzito, na haukutoa sauti hata kidogo. Somoe alidhani masikio yameziba kwa safari. Chini, kwenye mawe, wanawake walikuwa wakifua. Aliona nguo zikipigwa juu ya jiwe, kofi baada ya kofi, bila mlio. Wote walikuwa wameketi mgongo ukielekea maji. Kwenye jabali, wageni wachache walikuwa wamesimama na simu zao, na nyuma ya kila mmoja alisimama mwenyeji akiangalia chini.

"Mbona hawatazami?" aliuliza.

"Wanatazamwa," alisema Mbaruku. "Huwezi kufanya yote mawili. Sema kitu, bibie."

"Niseme nini?"

"Chochote kizuri. Jua lisogee."

Alitaka kumwuliza kama ana akili timamu, lakini mtu aliyelelewa vizuri haanzi matembezi kwa ugomvi. "Pazuri," alisema, na papo hapo ngurumo ya maji ikamwangukia, na vishindo vya nguo, na kelele za mbega, vyote kwa mkupuo, mpaka akashika matawi asianguke. Alipogeuka, kivuli chake kilikuwa kimesogea kidogo juu ya jabali. Wanawake wa chini walivuta pumzi pamoja. Mmoja alijishika kiuno, kama aliyepewa ruhusa ya kuchoka.

Nimesema pazuri. Palikuwa pazuri kabla sijasema, au nimepafanya? Na nisiposema? Hawa watafua nguo ileile, wakati uleule, mpaka apite mwingine mwenye mdomo mtamu kuliko wangu? Mimi nashona mapazia. Mtu husema pazia zuri, nami nafurahi, lakini pazia limeshashonwa, halingoji. Haya ni maji ya aina gani yanayongoja. Na mimi ni nani hata yaningoje.

Hivyo ndivyo alivyokwenda akijisemea, nusu kwa hasira, huku Mbaruku akitangulia na kusimulia kwa maneno yaliyopangwa vizuri, ya mtu aliyeyasema mara nyingi: hapa ndipo kasa hupanda kutaga, hapa ndipo mawimbi yalipochonga daraja la mawe. Sauti yake ilikuwa nzuri na tupu. Kila mara ilipofikia mwisho wa maelezo alingoja, naye Somoe akasema pazuri, na siku ikatambaa hatua moja.

Pangoni hewa iliingia na kutoka. Bahari ilikuwa upande wa pili wa ukuta, alieleza Mbaruku, ikisukuma upepo kwenye nyufa, ndiyo maana mtu huhisi amesimama ndani ya kifua. Wageni hupenda kuita humo, kwa sababu pango hurudisha kila kinachosemwa, tena kwa sauti safi kuliko ya mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa mbele yao aliita jina la mwanawe, nalo likarudi limenyooka. Bwana mmoja akaita jina lake mwenyewe, likarudi, akacheka. Somoe alipiga moyo konde, akasogea ndani zaidi.

"Shaweji," aliita.

Pango liliivuta ile hewa ndani na halikuitoa. Alingoja. Wale wageni wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuambiana kwa nini. Alipogeuka alimwona Mbaruku ameegemea ukuta kwa kiganja, kichwa kimeinama, kofia imeanguka miguuni pake.

"Jina hilo limekwenda wapi?" aliuliza Somoe.

"Si kila kitu hurudi," alisema mwenyeji. Akaokota kofia. "Maji yameshatoka. Twende funguni tukale."

Wakatembea kwa miguu juu ya mchanga uliolowa, nyasi za bahari zikiwa zimelala upande mmoja. Fungu lilikuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho. Palikuwa na banda la makuti, mkaa, na samaki waliobanikwa, na wenyeji waliowahudumia wageni huku wakiwa wameipa bahari mgongo kwa namna ambayo Somoe alikuwa ameshaanza kuizoea, na kuizoea kwake kulimtia hofu kuliko jambo lenyewe. Karibu nao, kijana na mchumba wake walimaliza kula, wakainuka. Mwenyeji wao aliinuka pia, akawatazama kama anayengoja. Walimwambia baibai macho yakiwa kwenye simu, wakaondoka. Mwenyeji alikimbia akawatangulia njiani, mabega yameshuka.

"Ana nini yule?" aliuliza Somoe.

"Wageni wa siku hizi," alisema Mbaruku. "Hawana adabu. Mungu awabariki."

Alimpakulia wali, akaweka samaki mzima katikati ya sinia, changu mkubwa aliyekolea ukwaju. Akamega. Na alipomega, bila kutazama, bila kukoma kusimulia habari za mawimbi na miezi, alikivunja kile kichwa, akakigeuza shavu likae juu, akakisogeza ukingoni mwa sinia upande wa Somoe.

Mkono wake ukakwama hapo.

Nyumbani kwao Somoe, watoto saba kwenye sinia moja, hakuna aliyewahi kumwachia kichwa. Alipoolewa alilisema hilo siku moja kwa mzaha, na tangu siku hiyo Shaweji hakuwahi kula samaki bila kumgeuzia kichwa, shavu juu, pasipo neno. Yule wa nyumbani, aliyerudi, alikuwa akila kichwa mwenyewe. Somoe aliwahi kujiambia kwamba watu hubadilika.

Alikitazama kichwa cha samaki, kisha mkono, mkubwa, wenye vidole virefu asivyovijua. Kisha ule uso wenye mwanya. Alitafuta ndani yake kitu chochote cha mumewe na hakukipata, na bado machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Baba Zaituni," alisema.

"Usiseme kwa nguvu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Kula, wanatutazama. Kula, Mama Zai, mwenyeji haruhusiwi kukaa na mgeni asiyekula."

Alikula. Hakuhisi ladha. Naye, akitazama mkaa, alimweleza kwa sauti ileile ya kueleza mapango, ili atakayesikia kwa mbali adhani ni maelezo ya mandhari.

Mwenyeji humpeleka mgeni mpaka mwisho wa mikoko, kwenye daraja la mbao. Hapo ndipo mji unapoishia. Mgeni akivuka peke yake, amekwenda salama. Lakini akiona haya kumwacha mwenyeji wake arudi mwenyewe, akageuka kumrudisha hata kidogo, basi mahali watakapoachana, aliyesindikizwa mwisho ndiye mgeni. Anatoka na uso wa mwenzake, jina lake, nyumba yake. Aliyesindikiza anabaki na kofia ya ukindu. Mbaruku wa kwanza alikuwa mtu mwingine, na kabla yake mwingine. Huenda hakuna hata mmoja katika mji mzima aliyezaliwa pale. Huenda mji ulijengwa na wageni wenye adabu tupu.

"Mbaruku niliyemkuta alinitembeza vizuri sana," alisema Shaweji. "Alikuwa anachechemea siku ile. Nikasema, bwana, siwezi kukuacha urudi mwenyewe na mguu huo. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikaa kimya."

"Na umekaa hapa muda wote huu."

"Nani anasindikiza siku hizi? Nimewapeleka darajani wengi. Wanaondoka wakitafuta mtandao."

Somoe alimega tonge jingine. "Ulinijua pale kituoni?"

"Uliposhuka tu."

"Mbona hukuniambia?"

Aliyejibu alikuwa Shaweji mtupu, hata kwa sauti ya mtu mwingine. "Kwa sababu usingenijua ningeweza kukufanyia nilivyofanyiwa mimi. Wewe ungesindikiza. Nilikuona ukimshukuru dereva, nikajua. Nilijiambia, nitembee naye tu kama mgeni yeyote, na jioni niwe kwa mwanangu."

Mtu anaweza kuambiwa maneno kama hayo na mtu anayempenda, naye asikasirike. Somoe aliona ajabu kwamba hakukasirika. Alimwona amesimama hapa asubuhi ileile isiyokwisha, akieleza kasa kwa watu wasiosikiliza, huku mtu mwingine akilala kitandani kwake na kuitwa baba kwa sauti aliyoikosa kabla haijajifunza kutamka neno. Kwa hilo alimsikitikia mpaka mbavu zikamuuma.

Waliondoka funguni maji yakianza kujaa. Kwenye mikoko kulikuwa na njia ya mbao juu ya tope, na kaa wekundu waliokuwa wakiingia mashimoni kila walipopita. Somoe alisema pazuri kwa kila mti, haraka haraka, na jua likakimbia upande wa magharibi mpaka majani yakawa ya manjano. Alitaka kufika. Alikuwa na wazo.

"Tushikane mikono tuvuke pamoja," alisema.

"Nimeshajaribu na wengine."

"Hujajaribu na mimi."

Wakashikana. Walitembea juu ya daraja, mbao zikilia chini yao, mbele yao barabara ya lami na vumbi la ng'ambo. Somoe alihesabu mbao kimoyomoyo ili asiogope, na ilipofika ya mwisho akanyanyua mguu, akakanyaga, na aliyoiona mbele yake ilikuwa mikoko, na nyuma ya mikoko bahari, na juu ya bahari paa la soko la samaki. Hakuhisi kugeuka. Walijaribu tena wakitembea kinyumenyume. Walijaribu yeye akiwa amefumba macho. Mji haukupiga kelele wala haukutuma mtu. Miji mingine hujenga kuta, ikaweka askari, ikafunga mageti saa za jioni, nayo hutorokwa kila leo. Huu ulikuwa umegundua kitu chepesi zaidi, kwamba mtu akifundishwa tangu utotoni kwamba kuondoka vibaya ni aibu, atajirudisha mwenyewe. Utawala wa namna hiyo hauna wa kumlaumu. Kila mfungwa wake anaweza kukuonyesha mahali aliposema, kwa ulimi wake, ngoja nikurudishe kidogo.

"Haya," alisema Shaweji. "Nenda. Mimi narudi."

Akageuka kuelekea mjini. Alikuwa anatembea taratibu, na Somoe aliona kwamba ule mwili mrefu ulikuwa umechoka kwa uchovu wa watu wengi. Alijikuta ameshapiga hatua.

"Ngoja," alisema. "Nami nikurudishe kidogo."

Alisimama bila kugeuza kichwa. "Usifanye hivyo."

"Nafanya kwa kujua. Hukuniibia. Nenda ukamwone mtoto."

"Nitakwenda nikiwa wewe, Somoe. Uso wako."

"Uso wangu anaupenda."

Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikaa kimya.

Wakatembea. Jua sasa halikungoja kusifiwa, lilishuka lenyewe. Somoe aliona kivuli chake kwenye mbao kikirefuka kupita cha mwenzake, akajiambia ni jioni tu. Akatazama mikono yake, vidole vikawa virefu. Alipitisha ulimi kwenye meno ya mbele akakuta pengo dogo ambalo halikuwapo. Haikuuma. Ilikuwa kama kuvua viatu vilivyobana, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, jinsi kuacha kuwa Somoe kulivyokuwa na nafuu ndani yake. Hakuna cherehani tena. Hakuna kulala karibu na mtu usiyemjua ukijifanya humwoni. Maneno ya kasa na mawimbi yalikuwa yanamjia kinywani yenyewe, yamepangika. Mwili mpya ulikuwa tayari umegeuka kidogo, mgongo kwa bahari.

"Zaituni analalaje?" aliuliza mwenzake, na sauti iliyouliza ilikuwa ya Somoe.

"Anavuta shuka mpaka kichwani. Mimi namshika mguu mpaka asinzie." Sauti ya mwanamume, nene, ilitoka kifuani mwake.

"Akiamka usiku?"

"Ananiita."

"Anakuita wewe."

"Ndiyo."

"Na nitaitika," ilisema sauti ya Somoe kutoka kwa mtu aliyekuwa mbele yake, ambaye mabega yake yalikuwa yameshapungua na kufanana na mabega ambayo Somoe aliyaona kila siku kwenye kioo cha duka. "Nitaitika, na atasinzia, na hatajua. Tutakuwa wawili katika nyumba ile. Baba si baba, mama si mama. Nilitaka kumwona, Mama Zai. Sikutaka aishi na wezi watupu."

Kisha akafanya jambo ambalo Somoe hakulitegemea. Alikaa chini. Alikunja miguu katikati ya njia ya mbao, akaweka kofia magotini, akatazama tope.

"Simama," alisema Somoe.

"Sisimami."

"Baba Zaituni, simama tumalize."

"Mtu aliyekaa hasindikizwi," alisema. "Siendi popote. Utanirudisha wapi?"

Alimbembeleza. Alimvuta mkono, na mkono uliovuta ukaanza kufupika. Alimtukana, kwa mara ya kwanza tangu aolewe naye, maneno mazito ya sokoni, akitumaini hasira itamwinua. Shaweji alicheka kidogo, kwa sauti iliyokuwa inarudi kuwa nene, akasema hakujua kwamba anayajua hayo. Hakuinuka. Somoe alichuchumaa mbele yake, uso kwa uso, na kwa kitambo kifupi hakuna kati yao aliyekuwa na uso kamili, yeye na mwanya unaofifia, naye na macho ya mkewe. Walitazamana hivyo. Walipendana sana, na ilikuwa ni kwa muda mfupi.

"Usiniage," alisema Shaweji. "Ukiniaga nitainuka. Nenda tu."

Somoe aliondoka bila kwaheri. Kwa mwanamke aliyelelewa alivyolelewa, hakuna safari ndefu kama ile ya kutoka kwa mtu aliyekaa chini hadi mwisho wa daraja, mdomo umefungwa, mgongo ukimwelekea. Alisikia maji yakipanda chini ya mbao. Hakusikia hatua. Alikanyaga lami, na ilikuwa lami, na dereva wa gari la kwanza lililopita akamwuliza kama anakwenda au anarudi, akashindwa kumjibu.

Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia yule wa nyumbani. Atoke. Aondoke na nguo alizovaa. Alifika alasiri ya siku iliyofuata, akamkuta ameketi ukumbini kwenye kigoda akimenya viazi. Zaituni alimpokea begi, akalipekua kutafuta zawadi, akakuta hakuna, akaingia jikoni amenuna. Mwanamume yule alimtazama Somoe machoni kwa muda mrefu, kama anayechungulia dirishani aone ni nani yumo.

"Ni mimi," alisema Somoe. "Ni Somoe mwenyewe."

Aliweka kisu chini. "Basi hukumwona."

"Nimemwona. Nimekula naye. Uliniacha niende bila kuniambia."

"Ningekuambiaje, bila kukuambia mimi ni nani?"

"Nilimsindikiza," alisema. "Nilimrudisha kipande kizuri tu cha njia. Mikono yangu ilishakuwa ile mirefu."

"Sasa umetokaje?"

"Alikaa chini."

Hakuelewa. "Alikaa chini vipi?"

"Alikaa chini, pale njiani. Kwamba mtu aliyekaa hasindikizwi. Nikaja zangu."

Somoe aliyatafuta yale maneno yake ya kumfukuza, akayaona yapo yote, akangoja. Mwanamume aliangalia mikono yake iliyolowa, midomo ikicheza, kama anayetembea upya juu ya zile mbao na mgeni mwenye moyo mzuri, mwenye mtoto anayeota meno, aliyemng'ang'ania kumrudisha kwa sababu ya mguu.

"Kumbe mtu anaweza kukaa tu," alisema. "Miaka yote ile pale, mimi wazo hilo halikunijia."

"Lingekujia, ungekaa?"

Zaituni aliita kutoka jikoni kwamba mafuta yameshapata moto, baba alete viazi. Mwanamume aligeuza uso kuelekea ile sauti, na uso ukalainika kabla hajauzuia.

"Hapana," alisema. Akainuka na sufuria ya viazi, akaenda.